Kuvuka mafuriko si biashara

Msimu wa korosho Masasi na Newala huanza na jua na kuishia na mvua. Minada hufunguliwa Oktoba, barabara zikiwa na vumbi. Ifikapo Desemba wakulima wengi wamekwisha kulipwa, na wenye maduka wanashindana kupandisha sukari, saruji na mabati. Wakati huo huo mvua nazo hushika kasi. Hivyo faida kubwa ya mwaka na makorongo yaliyojaa humkuta mfanyabiashara katika wiki zile zile.

Hatari ya eneo hili haionekani upesi. Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, ambako wananchi wamezoea kutaabikia maji ya kunywa. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji huteremka kwenye makorongo hadi mabondeni upande wa Masasi. Dereva aliye chini aweza kuona anga jeupe na bado akakuta njia imefunikwa.

Maji yenye ujazo wa mita moja tu yana uzito wa tani moja. Kina cha sentimita 30 hutosha kuliinua gari dogo likaelea. Sentimita 60 zinazokwenda kasi husomba hata pikapu. Lori lenye shehena halielei upesi, lakini maji huchimba mchanga chini ya magurudumu, na tope huficha shimo. Injini ikivuta maji, vyuma vya ndani hupinda.

Desemba 4, 2021, katika Mto Enziu nchini Kenya, basi lilijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji. Lilipinduka na watu zaidi ya 30 wakafa. Walikuwa wakienda harusini.

Kwa upande wa fedha, mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/25 ulivuka Sh. 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo, lori la tani 10 hubeba mali ya Sh. milioni 40. Kulisubirisha siku mbili ni posho ya dereva na utingo, pamoja na kukosa wateja wachache. Likizama, mwenye bima ndogo halipwi gari wala mzigo, kwani bima hiyo hufidia madhara ya watu wengine tu. Kimbunga Hidaya kilipofuatiwa na kukatika kwa barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam Mei 2024, yako magari yaliyozunguka kwa Tunduru na Songea. Mafuta yalitumika mengi, lakini mzunguko huo una gharama inayojulikana.

Ni kosa kumlaumu dereva peke yake. Dereva alipwaye kwa tripu, huku tajiri akipiga simu kila saa kuuliza amefika wapi, ana sababu ya kubahatisha. Na mara nyingi ni utingo anayetangulizwa kupima kina kwa miguu yake.

Dawa iko mikononi mwa mwenye mzigo. Mkataba wa kukodi lori kuanzia Desemba hadi Aprili utaje malipo ya siku za kusubiri maji yapungue, utaje nani anazilipa, na useme wazi kwamba uamuzi wa dereva akiwa mtoni haupingwi. Gharama hiyo iingizwe kwenye bei ya bidhaa mapema, kama ushuru na mafuta vinavyoingizwa.