Filamu za Familia Zikae Nyumbani

Tarehe 12 Mei 2023 Disney ilitoa Crater, filamu ya watoto wa wachimbaji madini huko mwezini wanaochukua gari kwa siri na kwenda kutafuta kreta moja kabla mwenzao hajahamishiwa sayari ya mbali. Haikupitia majumba ya sinema, wala haikutolewa DVD. Makao yake yalikuwa Disney+ peke yake. Tarehe 30 Juni ikaondolewa, wiki saba tu baada ya kutoka.

Haikuondolewa kwa kuwa ilikuwa mbaya au ilivunja maadili. Disney ilikuwa ikibana matumizi, na kwa kundi la kazi ilizoziondoa wakati huo iliandika katika vitabu vyake hasara ya dola bilioni 1.5. The One and Only Ivan, filamu ya 2020 kuhusu sokwe anayechora, nayo ilikwenda na wimbi hilo hilo. Baadaye Crater ilirudi kwa mlango mwingine, kwa kununuliwa au kukodiwa mtandaoni. Lakini familia iliyokuwa ikilipa ada ya kila mwezi ilikuwa imeshaona uwezo wake unapoishia.

Anayelipia huduma ya mtandaoni hulipia ruhusa ya kutazama, basi. Hata anayebonyeza kitufe cha kununua filamu ya kidijitali mara nyingi hapati zaidi ya hiyo. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji wamweleze mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Mwenye DVD kabatini haihitaji sheria hiyo. Hakuna ofisi inayoweza kuja usiku kuitoa.

Kwa filamu za watu wazima hoja hii inaweza kupuuzwa. Mtu mzima akishaona filamu hutafuta nyingine. Mtoto hufanya kinyume: akimaliza Mary Poppins leo, kesho ataidai tena, na baada ya miezi michache anajua kila mhusika atasema nini kabla hajafungua kinywa. Hapo ndipo filamu inapokuwa mali ya nyumba. Maneno yake yanaingia katika utani wa mezani, wakubwa wanawarithisha wadogo, na mjukuu anaikuta ikimngoja. Kitu cha thamani hiyo hakifai kuachwa chini ya uamuzi wa mhasibu wa Disney aliyeko Burbank.

Diski pia ina mwisho. Filamu ikiisha, runinga inarudi kwenye menyu na mzazi anazima. Huduma za mtandaoni zimeundwa ili kimoja kikiisha kingine kianze chenyewe, na mama aliyeko jikoni hajui kinachofuata ni kipi wala nani amekichagua.

Kisha kuna suala la kubadilishwa. Katika Lilo & Stitch ya 2002, Lilo anajificha ndani ya mashine ya kukaushia nguo. Anayeitazama kwenye Disney+ anaona kitu kingine: kabati lililozibwa kwa boksi la piza. Sababu inaeleweka, kwani mtoto anayeigiza alichokiona anaweza kujifungia ndani ya mashine akafa. Hakuna mzazi atakayelaumu nia hiyo. Tatizo ni kwamba toleo jipya linapokalia nafasi ya lile la zamani, mtazamaji hana pa kulinganishia.

Steven Spielberg alilijua hilo kwa uzoefu wake mwenyewe. Mwaka 2002, filamu yake E.T. ya 1982 ilipotimiza miaka 20, alizifuta bunduki mikononi mwa maofisa wanaowafukuza watoto na kuweka redio za mawasiliano. Mwaka 2023 alisema hadharani kwamba hakupaswa kufanya hivyo. Kilichowaokoa wapenzi wa E.T. ni diski: DVD ya 2002 ilitoka na matoleo yote mawili, la zamani na lililobadilishwa, na Blu-ray ya 2012 ikarudi kwenye lile la 1982. Mwenye diski hizo leo anaweza kuwaonyesha wanawe yote mawili na kuwaachia waamue wenyewe.

Haki inataka isemwe kwamba enzi ya diski nayo haikuwa ya ukarimu. Disney ndiyo iliyojenga utaratibu wa kufungia filamu zake. Snow White and the Seven Dwarfs ya 1937 ilirudishwa sinema mwaka 1944, kisha 1952, 1958, 1967, na ikaendelea hivyo, ili kila kizazi kipya cha watoto kilipe upya. Ilipokuja mikanda ya video, mtindo ulibaki ule ule: filamu inauzwa kwa muda, inatolewa sokoni, inarudi baada ya miaka.

The Lion King ndiyo iliyo karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili, maana Simba, Rafiki na Pumbaa walipewa majina kutoka lugha hii. Filamu ilitoka 1994. Mkanda wake wa VHS wa 1995 uliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni 30. DVD ilikuja Oktoba 2003, ikafungiwa Januari 2005, na filamu haikurudi madukani hadi ilipotoka Blu-ray Oktoba 2011. Miaka hiyo kati yake, aliyeitaka alitegemea duka la vitu vilivyotumika au jirani mwema. Lakini familia iliyokuwa imeshanunua haikuguswa na kufungiwa huko. Kampuni ingeweza kufunga ghala lake, isiweze kufunga sebule ya mtu. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea sasa.

Na ubora? Hapa mnunuzi awe macho. Blu-ray ya Cinderella ya 2012 ilisafishwa kupita kiasi hadi mistari ya wachoraji ikafifia, na The Sword in the Stone ya 2013 ilikosolewa vikali kwa kosa la aina hiyo. Miaka 11 baadaye Cinderella ilirekebishwa kwa ustadi na kutolewa kwa 4K, na mwaka huo huo wa 2023 Snow White nayo ikapata toleo lake. Kukusanya kunamfundisha mtu kutofautisha toleo na toleo, na huo ni ujuzi unaostahili kurithishwa.

Soko lenyewe linapungua. Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kutuma DVD kwa posta, ilituma ya mwisho Septemba 2023. Mwaka huo huo Disney iliacha kuuza diski nchini Australia. Mwaka 2024 maduka ya Best Buy ya Marekani yaliziondoa rafuni, na Disney ikaikabidhi Sony kazi ya kutengeneza na kusambaza diski zake huko. Kwa mkusanyaji hii si habari mbaya tupu. Maduka ya hisani ya Uingereza yamejaa DVD za familia zinazouzwa kwa bei ya chini kabisa, kwa kuwa wenyewe wameziona hazina kazi tena.

Afrika Mashariki ina sababu zake za ziada. Disney+ ilipoingia Afrika mwaka 2022 ilianza na Afrika Kusini na nchi za kaskazini kama Misri, ikaziruka Kenya na Tanzania. Netflix iliwapa Wakenya mpango wa bure kwenye simu Septemba 2021, ikaufuta Novemba 2023. Na anayelipia anabaki na hesabu ya bando. The Sound of Music ina dakika 174. Netflix yenyewe inakadiria hadi GB 3 kwa saa kwa ubora wa HD. Kwa kipimo hicho, kuitazama filamu ndefu kama hiyo mara moja kunakaribia GB 9, na watoto wataitaka tena Jumamosi ijayo. Diski haiulizi bando. Inahitaji umeme na deki tu.

Anayemwagiza ndugu yake aliyeko ng'ambo akumbuke jambo moja. DVD hugawanywa kwa kanda: Marekani ni kanda ya 1, Uingereza, Oman na nchi nyingine za Ghuba ni ya 2, na Kenya, Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika ni ya 5. Deki iliyofungwa kwa kanda moja itakataa diski ya kanda nyingine, kwa hiyo inunuliwe inayosoma kanda zote. Blu-ray ni rahisi zaidi, kwani Afrika na Ulaya zote ziko kanda B, na 4K haina mipaka hiyo. Diski ishikwe ukingoni, ifutwe kutoka katikati kwenda nje, na ikae mbali na unyevu, adui wake mkubwa katika miji ya pwani. Nazo huharibika: mwaka 2025 Warner Bros. ilikiri kwamba baadhi ya DVD ilizotengeneza kati ya 2006 na 2008 zimekufa zenyewe, ikaahidi kuwafidia wenye nazo. Basi zile zinazopendwa zijaribiwe kwenye deki mara kwa mara.

Kuna diski nyingine ambazo familia nyingi tayari zinazo bila kuzihesabu kuwa mkusanyo. Filamu za Kiswahili za miaka ya 2000, zikiwemo za marehemu Steven Kanumba, zilikwenda moja kwa moja sokoni kwa mkanda, VCD na DVD, mara nyingi sehemu ya kwanza na ya pili kwenye diski tofauti. Hazikuwa na ghala la Burbank wala wataalamu wa kuzirejesha kwa 4K. Kwa baadhi yake, nakala iliyoko chini ya runinga ya mtu huko Tanga au Mombasa huenda ikawa miongoni mwa chache zilizo nzima. Mwenye nazo asizitupe pamoja na deki mbovu. Azifute vumbi, azirudishe kwenye makasha yake, na aziweke kabati moja na The Lion King.