Mama Aliyeachwa Hahitaji Huruma Peke Yake

Ndugu msomaji, juma hili tuzungumze habari ya mama anayebaki na watoto baada ya talaka. Katika mitaa yetu ya mjini, na hata huko mashamba, hakuna asiyemjua. Anarudi kwa wazee wake na furushi la nguo, watoto wawili watatu wakimfuata nyuma, na maneno ya watu yamekwisha kumtangulia.

Tumfikirie mmoja wao huko Kizimbani, mahali panapojulikana tangu zamani kwa karafuu na viungo. Hatumpi jina, maana wapo wengi wa namna yake. Siku za mwanzo majirani humjia kwa wema: huyu kaleta kibaba cha mchele, yule kanga, mwengine kamnunulia mtoto daftari za skuli. Baada ya mwezi mchele umekwisha, daftari zimejaa, na wanaobisha hodi wamepungua. Si kwamba majirani ni wabaya. Nao wana watoto wao, na sadaka ya siku moja haiwezi kulisha nyumba mwaka mzima.

Hapo ndipo unapohitajika msaada uliopangwa. Akina mama wa Unguja si wageni wa jambo hili, kwani upatu na kikoa wamevirithi kwa bibi zao. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani vilianza vikundi vya kuweka na kukopa, kwa mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991. Tangu hapo vikundi hivyo vimeenea Unguja na Pemba.

Utaratibu wake ni mwepesi. Watu 15 hadi 30 wanaoaminiana hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa kwa kadiri ya uwezo wake, kuanzia 1 hadi 5, zikaandikwa katika kitabu chake mbele ya wenzake. Fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli 3, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Hivyo hapana awezaye kulifungua peke yake, hata akiwa mwenyekiti. Kando yake upo mfuko wa jamii, unaochangiwa kidogo kidogo, kwa ajili ya mwanachama aliyepatwa na ugonjwa au msiba. Mwaka ukitimia, kila mtu hugawiwa kilicho chake.

Mama wetu hawezi hisa 5, basi anaanza na 1. Kwa mkopo wake wa kwanza atanunua unga, mafuta na sukari, apike maandazi ya asubuhi. Lakini jambo kubwa hapa si maandazi. Siku mwenzake atakapofiwa, naye atakuwa amechangia mfuko uleule. Jana alikuwa mtu wa kupewa, leo ni mtu wa kutoa. Mwanadamu husimama kwa hilo kuliko kwa kibaba cha mchele.

Na kwa kuwa wengi wetu ni Waislamu, ni vyema kikundi kikubaliane tangu siku ya kwanza namna ya kukopeshana isiyoingia katika riba, ili mtu asije akajitoa katikati ya safari kwa sababu ya imani yake.

Hata hivyo, upo mzigo usiobebeka kwa sanduku. Talaka haimwondolei baba wajibu wa kuwatunza watoto wake. Mama wengi hawadai haki hiyo kwa aibu, kwa kuogopa gharama, au kwa kutojua waanzie wapi. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imeifungulia mahakama hiyo mlango wa kusikiliza madai ya matunzo, na pia ya mali iliyochumwa katika ndoa, endapo mchango wa mdai utathibitika. Lakini mlango uliofunguliwa hautoshi kwa mtu asiyejua njia ya kuufikia.

Njia hiyo huonyeshwa na wasaidizi wa sheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa juhudi za Profesa Haroub Othman, kimewafundisha wananchi wa kawaida kazi hiyo, nao huifanya kwa kujitolea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 imewatambua. Msaidizi wa sheria si wakili. Kazi yake ni kumsikiliza mama, kumweleza haki zake, kumsaidia kupanga maelezo na vielelezo, na kumwelekeza panapohusika. Kwa mama aliyezoea kuambiwa kwamba amejitakia mwenyewe, kupata mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho ni mwanzo wa kupona.

Basi, ndugu msomaji, kibaba cha mchele usiache kukipeleka, maana njaa haingoji mkutano. Ila ukikipeleka, keti kidogo. Muulize kama baba wa watoto anatoa matunzo. Kama hatoi, muulizie msaidizi wa sheria kwa sheha, na ufuatane naye siku ya kwanza. Na kama unacho kikundi chako, siku ya mkutano ipitie nyumba yake, mwende pamoja.