Kutengeneza ni Neno Moja



Muhula uliopita, katika shule moja ya sekondari hapa Uganda ninayoijua vizuri, mwanafunzi wa kidato cha tatu alikamatwa na simu. Sheria ya shule inakataza simu, wala sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe huwanyang'anya wanaochezea simu darasani. Lakini simu hii kijana aliiunda kwa mikono yake. Ilikuwa kisanduku cha mbao nyembamba, na ndani yake mlikuwa na bodi ndogo ya kompyuta, moduli ya GSM, betri ya lithiamu, vibonye vya namba, kioo kidogo, kipaza sauti, na spika iliyong'olewa katika redio mbovu. Kisanduku kikafungiwa kabatini, naye akapewa siku tatu za kufyeka nyasi.

Katika kikao cha walimu mwenzetu mmoja alisema, "Simu ni simu." Mwingine akaongeza kwamba kijana hakuunda chochote, kwani vipande vyote vimenunuliwa dukani. Kwa hoja ya kwanza, kisanduku kile ni simu kamili. Kwa hoja ya pili, si kitu. Kikao kilizikubali zote mbili bila haya.

Hoja hii ya pili ndiyo iliyonikera, nami naijibu kwa sababu nanyi mtaisikia maisha yenu yote. Ati aliyenunua vipande hakuunda! Seremala hapandi mvule, wala hafui misumari yake, lakini hakuna anayemwambia kwamba kitanda si kazi yake. Mwaka 2013 David Mellis, katika maabara ya MIT Media Lab kule Marekani, alionyesha simu yenye kasha la mbao, akaitolea hadharani michoro na programu zake ili kila atakaye anakili. Mwaka 2014 David Hunt aliunganisha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kioo cha kugusa na moduli ya GSM, vifaa vilivyogharimu takriban dola 158. Kwa fedha hizo dukani ungepata simu nyembamba na nyepesi kuliko yake. Hilo nalikubali upesi, maana bei siyo shabaha ya kazi hii.

Shabaha ni yale ambayo kisanduku humlazimisha mtu kuyajua. Simu ya kijana wetu ilikuwa ikizimika kila alipojaribu kupiga. Alidhani moduli ni mbovu. Kumbe moduli kama SIM900, inapowasiliana na mnara, huvuta umeme kwa mikupuo mifupi inayoweza kufikia ampea 2, na nyaya zake zilikuwa nyembamba mno. Akabadili nyaya, akalehemu upya, simu ikakaa. Aligundua pia kwamba moduli huamrishwa kwa maandishi: bodi huiandikia herufi AT, nayo hujibu OK, ikiandikiwa ATD, kisha namba na nukta-mkato, hupiga. Wangapi kati yetu sisi walimu, tuliobeba simu mifukoni kwa miaka, tuliwahi kujua kwamba ndani yake mna mazungumzo?

Sasa niingie katika uwanja wangu. Kiswahili kina kitenzi kutengeneza. Fundi hutengeneza meza mpya, na fundi huyohuyo hutengeneza meza iliyovunjika mguu. Lugha haikuona sababu ya kumtenga anayeunda na anayekarabati, kwa kuwa wote wawili wanakifanya kitu kitengenee. Na maneno fundi, fundisha na mwanafunzi ni ya shina moja. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshika chuma cha kulehemu hajatoroka masomo.

Wapo wanaoogopa sheria ya nchi. Hofu hiyo ina msingi: Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016, zikitazama namba ya utambulisho ya kila simu, yaani IMEI, yenye tarakimu 15. Lakini moduli halali huja na IMEI yake. Simu bandia hujifanya kile ambacho sicho. Kisanduku cha mbao hakimdanganyi mtu yeyote. Anayetaka kukiuza, hiyo ni kesi nyingine, na hapo aende kwa mamlaka ya mawasiliano akaombe idhini.

Naomba basi tutenganishe makosa mawili. Kuingia na simu yenye laini bwenini ni kosa, na adhabu yake ilikwisha nyasi zilipofyekwa. Kuiunda si kosa, na hakuna kanuni ya shule inayosema hivyo. Nimezisoma zote, ukurasa kwa ukurasa.

Kisanduku bado kimo kabatini. Betri ya lithiamu ikiachwa miezi bila kuchajiwa, huweza kufa. Nimemwandikia mkuu wa shule kuomba kijana arudishiwe kazi yake siku ya kufunga shule, na muhula ujao iwekwe mezani katika maabara ya fizikia, bila laini ndani, ili wenzake waifungue na kuifunga. Barua haijajibiwa. Jumatatu nitapeleka ya pili.