Aliwazika, akabaki

Kumfuata Kristo kuna gharama. Naomba nitoe mfano wa hapa hapa pwani.

Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Ilipofika Julai homa ikamchukua mama, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga naye akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, akabaki. Mwaka 1846 mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, akaungana naye, wakafungua misheni Rabai. Rebmann alikaa karibu miaka 29 bila kurudi Ulaya. Alipoondoka mwaka 1875 macho yalikuwa yamekwisha kupofuka. Na waliobatizwa walikuwa wachache mno.

Hapo ndipo ninapochomwa moyo. Sisi humtolea Mungu masazo: dakika za mwisho za siku, sarafu zilizosalia baada ya matumizi, sala ya kusinzia. Tukikosa matunda mwezi mmoja, tunakata tamaa.

Sisemi sote tuvuke bahari. Mama anayemuuguza mgonjwa wake mwaka baada ya mwaka, bila kunung'unika na bila kuacha kusali, amekwisha kutoa vyote. Wokovu ni bure, ndugu zangu, lakini anayependa kwa dhati hahesabu alichobakiza. Hata Krapf hakuyaona matunda yake yote: kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alipanda, wavunaji ni sisi.