Meneja asiyehojiwa

Jamani, kuna sentensi moja inanikera kuliko umeme kukatika: "Kompyuta ndiyo imeamua."

Wiki iliyopita nimeisikia mara mbili. Mara ya kwanza ni dirishani kwa karani mmoja, nilipokwenda kuuliza kwa nini jina la mama mmoja limerukwa kwenye orodha ya malipo. Mara ya pili imetoka kinywani mwangu mwenyewe, saa saba usiku, baada ya kushindwa mchezo wa besiboli.

Msicheke. Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu. Nacheza ile michezo ya kompyuta inayoigiza besiboli ya Wamarekani, ambayo wewe hurushi wala hupigi mpira. Kazi yako ni umeneja tu: nani aanze, nani apumzike. Kwenye benchi la wapinzani amekaa meneja wa kompyuta, naye anaamua lini amtoe mrushaji aliyechoka na lini mkimbiaji wake aibe kituo.

Usiku ule alinibadilishia warushaji mara tatu, akanimaliza. Nikajisemea: hii kompyuta bwana, haina hisia wala upendeleo, imeamua tu. Halafu nikashtuka. Mwandishi wa habari mzima nimesema nini?

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1987 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo ulioitwa Earl Weaver Baseball. Weaver aliifundisha Baltimore Orioles tangu 1968 hadi 1982, akairudia 1985 na 1986, na mwaka 1970 aliipa ubingwa. Watengenezaji wa mchezo huo, Don Daglow na Eddie Dombrower, hawakukisia jinsi meneja anavyofikiri. Walimhoji mzee huyo kwa kirefu, kisha majibu yake wakayageuza kuwa kanuni za programu.

Weaver hakupenda kumtoa mpigaji kafara ili mwenzake asogee kituo kimoja. Timu ina nafasi 27 tu za kutolewa, ya nini kuzigawa bure? Yeye alipendelea kusubiri pigo moja la kuvusha mpira nje ya uwanja, wenzake mpigaji wakiwa tayari vituoni.

Mnaona? Kompyuta "iliyoamua" ilikuwa imebeba kichwa cha mzee mmoja mbishi wa Baltimore. Na jina lake liliandikwa juu ya boksi! Usipokubaliana nayo, unajua unabishana na nani.

Siku hizi meneja wa kompyuta mara nyingi hana jina. Amejengwa kwa takwimu za misimu na misimu, basi wachezaji tunaamini ni hesabu tupu. Si kweli hata kidogo. Kuna mtu aliyechagua takwimu zipi zihesabiwe, uchovu wa mrushaji upimwe vipi, na hatari kiasi gani ivumiliwe. Hesabu haijichagui yenyewe.

Najua mtanijibu: lakini hesabu inashinda! Mara nyingi, ndiyo, sibishi. Ila kumbukeni Oktoba 27, 2020, mechi ya sita ya World Series. Tampa Bay Rays wanaongoza 1-0, zamu ya sita. Mrushaji wao Blake Snell amerusha mipira 73 tu na ameruhusu mapigo mawili. Wapigaji watatu wanaofuata, Betts, Seager na Turner, amekwisha kumtoa kila mmoja mara mbili kwa mirusho yake. Takwimu za miaka mingi zinasema wapigaji wakikutana na mrushaji yule yule kwa mara ya tatu, wanamzoea. Meneja Kevin Cash akamtoa Snell. Los Angeles Dodgers wakageuza matokeo, wakashinda 3-1 na kuchukua ubingwa.

Alikosea? Watu wanabishana hadi leo, na mimi sitaki kuamua. Ninachotaka mkione ni kilichofuata. Usiku ule ule Cash alikabili maswali ya waandishi, akaeleza kwa nini alifanya vile. Hakusema takwimu ndizo zilizomtoa Snell. Uamuzi ulikuwa wake, na lawama zikawa zake.

Hiyo ndiyo tofauti, ndugu zangu. Meneja wa kompyuta anaweza kunishinda kila usiku, lakini hakuna anayeweza kumkalisha kitini na kumuuliza kwa nini. Kwenye mchezo haidhuru, nazima naenda kulala. Yule mama hawezi kuzima. Karani anainyooshea kidole kompyuta, kompyuta imenyamaza, na aliyeandika kanuni amekaa mahali fulani anakunywa chai.

Jumatatu narudi pale dirishani. Sitauliza kompyuta imeamua nini, hilo nimeshaambiwa. Nitauliza nani aliyeiambia iamue hivyo. Nataka jina, kama lile lililokuwa juu ya boksi mwaka 1987.