Kwenu vijana: Foto na jina la mutu

Siku hizi telefone inapiga foto. Unapita sokoni, unaona mama anauza makala, jua linaangaza vumbi kwenye uso wake. Ni muzuri kweli. Unapiga, unaenda zako, mama mwenyewe hajui kitu. Je, umekutana na mutu, ao umemwibia uso tu?

Kule Mali, katika muji wa Bamako, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948. Mwanzo alitundika nyuma ya watu kitambaa cha kitanda chake mwenyewe. Filme ilikuwa bei kali, kwa hiyo kwa kawaida mutu alipigwa mara moja tu. Basi kazi kubwa ilikuwa mbele ya kupiga: kumgeuza mutu kidogo, kutafuta mukono ukae wapi. Asiye na saa ao koti aliazimwa. Wengine watasema: huo ni uongo! Mimi sioni vile. Mutu alionyesha namna anavyotaka watoto wake wamukumbuke, na foto ilikwenda nyumbani kwake. Leo foto hizo ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, lakini majina ya wengi waliomo hayakuandikwa.

Kwetu huku jambo hili linauma zaidi. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, mwaka 2006 alitoa kazi yake Mémoire. Alichukua foto za watu wa kazi ya shaba wakati wa Wabelgiji, akawakata, akawasimamisha juu ya foto alizopiga yeye katika viwanda vilivyokufa. Wanaume wale wanakutazama. Ni akina nani? Pengine mujukuu wa mumoja yuko Likasi ao Kipushi, anapita mbele ya foto bila kujua ni babu yake.

Kwa hiyo salimia kwanza: «Jambo mama.» Ongea naye, uliza jina, kisha omba ruhusa. Akikataa, weka telefone mufukoni, lakini maongezi yaendelee. Akikubali, atajipanguza uso, atafunga kitambaa chake vizuri. Usimwambie abakie vile alivyokuwa! Uso anaouchagua mwenyewe, njo ule unautafuta. Mwonyeshe foto. Andika jina lake na siku, halafu itoe kwenye karatasi, umupelekee. Akiita majirani waje kuona, usikimbie. Nao watataka kupigwa.