Mbolea Inayopaa Kabla ya Kufika Shambani: Barua kwa Watu wa Daraja Mbili

Kwa mama zangu, baba zangu na ndugu zangu wa Daraja Mbili, na wote wa Kisii na Nyamira mnaoshuka pale sokoni kuuza na kununua,

Nawaandikia kutoka Brabant, kusini mwa Uholanzi. Mama unayeuza mboga za chinsaga na managu, mzee uliyefika na mikungu yako juu ya boda, na wewe kijana mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba: barua hii ni yenu, na inahusu mavi. Msinicheke. Huku mavi ni siasa. Tarehe 29 Mei 2019, Raad van State, ambalo ndilo baraza linalokata kesi za raia na serikali, liliamua kwamba utaratibu uliotumika kutoa vibali vya ufugaji haukuwa na kinga ya kutosha dhidi ya naitrojeni inayoharibu misitu na mbuga. Ilipofika tarehe 1 Oktoba wakulima walikuwa barabarani na matrekta yao, msafara hadi Den Haag, na magari yakakwama nchi nzima. Tangu hapo serikali zimekuja na kuondoka, ugomvi ni ule ule.

Riziki yangu iko kwenye malori ya kubeba mavi ya nguruwe. Nguruwe hulala juu ya sakafu yenye mianya, mavi na mkojo vinadondoka shimoni chini yao. Lori likija kunyonya, mashine huchota sampuli yenyewe, inafungwa kwenye mfuko wenye namba, inapelekwa maabara. Uzito unaandikwa, safari inafuatwa kwa setilaiti. Sijawahi kuona dhahabu ikisafirishwa, lakini sidhani kama ina karatasi nyingi hivyo. Wanachotafuta maabara ni virutubisho viwili vya mimea, naitrojeni na fosforasi. Tani moja ya mavi ya nguruwe wa kunenepeshwa huwa na naitrojeni kama kilo 7. Lori la tani 35 basi lina kilo 245 hivi, na kwa kuwa mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23, hiyo ni zaidi ya mifuko 10. Mwenye nguruwe hauzi mzigo huo. Analipa yeye, na miaka hii bei imepita yuro 20 kwa tani, ili aondolewe. Lori moja, zaidi ya shilingi laki moja za Kenya, kumwondolea mtu mbolea yake mwenyewe.

Najua wengine mmeshakunja uso kwa kusikia nguruwe. Tangu misheni ya Nyanchwa ifunguliwe juu ya mji wa Kisii, zaidi ya miaka 100 iliyopita, Wasabato, wasiokula nguruwe, wamekuwa wengi kwetu, na mnyama huyo hakupata nafasi kubwa. Sitaki kumwingiza mtu dhambini. Naitrojeni ya nguruwe na ya ng'ombe ni moja, na hupotea kwa njia zile zile, kwa hiyo someni ng'ombe kila nikitaja nguruwe.

Kilichonisukuma kuandika ni namba moja. Mwaka 1993 Mholanzi Eric Smaling, aliyefanya utafiti wa udongo Kenya kwa miaka kadhaa, alichapisha pamoja na wenzake hesabu ya wilaya ya Kisii. Walijumlisha kila kinachoingia shambani, yaani mbolea ya duka, samadi, kinachoshuka na mvua, kinachovutwa na mimea kama maharagwe kutoka hewani. Wakatoa kila kinachotoka: mavuno, mabua, kinachozama na maji, kinachopaa, kinachobebwa na mmomonyoko. Jibu lilikuwa hasara ya kilo 112 za naitrojeni kwa kila hekta kila mwaka, pamoja na kilo 70 za potasiamu. Miaka michache kabla ya hapo, Smaling na Stoorvogel walikuwa wamekadiria wastani wa Afrika yote kusini mwa Sahara kuwa kilo 22. Sisi tulikuwa tunapoteza mara tano ya wastani wa bara.

Watu wakisikia hivyo hudhani Kisii ni udongo mbaya. Kinyume chake. Tunapoteza sana kwa sababu tulikuwa nacho cha kupoteza: udongo mwekundu wenye kina, mvua karibu mwaka mzima, mazao yanayotoka kwa wingi na kuuzwa. Angalia malori ya ndizi yanayoondoka Daraja Mbili kwenda Nairobi. Kila mkungu umebeba potasiamu ya Gusii, nayo huishia jaani au chooni mjini, hairudi Keroka wala Ogembo. Brabant ni upande wa pili wa mambo hayo hayo. Soya inayolisha nguruwe hawa hutoka kwa meli, nyingi yake Brazil, na rutuba ya huko inabaki hapa kama mavi yasiyo na pa kwenda. Wao wamelemewa na cha wenzao, sisi tumekonda kwa chetu.

Sasa tugawanye namba ile tuielewe. Kilo 112 kwa hekta ni kilo 45 hivi kwa ekari. Wengi wenu hamna ekari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu 960 kwa kila kilomita mraba katika kaunti ya Kisii, na Uholanzi, nchi ambayo kila mtu hulalamika imejaa, ina zaidi kidogo ya 500. Tuchukue nusu ekari basi. Hasara yake ni kilo 22 au 23 kwa mwaka. Mfuko mmoja wa yurea.

Sehemu ya hasara hiyo hatuna la kuifanya. Ndizi lazima ziuzwe, karo ilipwe. Lakini kuna mfuko mwingine unaopotea bila kuuzwa wala kuliwa, na huo hupotelea zizini.

Ng'ombe akila nepia na makapi, naitrojeni nyingi ya chakula chake haibaki mwilini. Inatoka, na nusu hivi au zaidi hutoka kwa mkojo. Hapo ndipo tunapokosea hesabu, maana samadi tunayoithamini ni ile tunayoweza kuichota kwa beleshi. Ndani ya mkojo naitrojeni iko kama yurea, ile ile ya mfukoni. Inatulia tu mpaka iguse mavi. Vijidudu vya mavi vina kimeng'enya kinachoivunja yurea kuwa amonia, na amonia ni gesi. Kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Ile harufu inayochoma macho ukifungua zizi alfajiri ni mbolea inayopaa mbele yako.

Zikishapita siku chache za mwanzo, ambazo ndizo mbaya kuliko zote, lundo la samadi hupata moto ndani na kuendelea kutoa gesi taratibu. Kisha mvua inanyesha, na mvua ya Kisii mnaijua. Maji ya rangi ya chai yanayotoka chini ya lundo yamebeba naitrojeni iliyosalia pamoja na potasiamu, yanateremka hadi kijitoni, Gucha inapokea, Ziwa Viktoria linamalizia. Magugu maji ya huko hayajawahi kununua mbolea. Baada ya miezi mingi dada yako anajitwika karai kichwani kupandisha kilima kitu chenye uzito wa mbolea na nguvu ya majivu.

Mwongozo wa jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, wa mwaka 2006 umeweka makadirio. Mavi ya nguruwe yakirundikwa yakiwa makavu hupoteza nusu ya naitrojeni. Yakikaa shimoni chini ya banda, robo. Lundo la ng'ombe wa maziwa hupoteza asilimia 40. Mwongozo huo unamhesabia ng'ombe wa maziwa wa Afrika kilo kama 60 za naitrojeni kwa mwaka. Asilimia 40 ya 60 ni kilo 24. Yaani lundo la ng'ombe mmoja linapoteza kiasi kile kile ambacho nusu ekari yako inapungukiwa, na hapo tumechukulia kwamba mkojo wote umefika kwenye lundo. Kwenye zizi la udongo lenye mteremko, haufiki.

Waholanzi walifanyaje? Walianza na sheria mwaka 1984 kuzuia mabanda mapya ya nguruwe na kuku, na miaka ya 1990 wakalazimisha matangi ya mavi yafunikwe, na mavi yaingizwe ndani ya udongo badala ya kurushwa hewani. Amonia ilishuka kwa zaidi ya nusu. Mabanda mengine leo yana mashine za kuosha hewa kwa tindikali. Hizo mashine tuwaachie wenyewe. Kufunika na kufukia hakuhitaji Mholanzi.

Zizi lenye sakafu ya saruji au mawe yaliyopangwa vizuri, lililoinamia upande mmoja, lenye mtaro mfupi unaoingia kwenye pipa lenye mfuniko, tayari limeokoa kile kilichokuwa kinapotea zaidi. Amonia isipopata hewa haina pa kwenda. Mkojo huo uongezewe maji, umwagwe kwenye mfereji kando ya mahindi au sukumawiki, ufunikwe na udongo papo hapo. Chini ya ng'ombe tandaza mabua yaliyokatwakatwa, maganda ya maharagwe au vumbi la mbao, vinyonye kilichobaki. Lundo liwe chini ya bati, au lifunikwe na karatasi ya nailoni iliyogandamizwa kwa mawe. Majani ya migomba ni afadhali kuliko jua. Siku ya kutoa samadi, ichimbiwe siku hiyo hiyo. Samadi iliyomwagwa asubuhi ikaachwa wazi mpaka kesho imeshatoa kafara.

Nanyi vijana wachache mlioanza nguruwe, mnaoosha banda kwa mpira wa maji na kuelekeza kila kitu mtoni: mto ule una watu chini yenu wanaochota. Chimbeni shimo, lijengeni, lifunikeni. Wenye biogesi pia wasidhani wamemaliza. Mtambo hauli naitrojeni, unaitoa upande wa pili ikiwa nyepesi zaidi kupaa, na mara nyingi naona picha za shimo la kutokea likiwa wazi.

Kwa serikali za kaunti za Kisii na Nyamira nina ombi. Kilimo kiko mikononi mwenu tangu 2013, shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina kituo Kisii, na chuo kikuu kiko pale pale mjini. Mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi shilingi 2,500 kwa mfuko mwaka 2023, baada ya ule mwaka mbolea ya DAP ilipopita 6,000, na mkulima alishukuru. Ila hesabu ya samadi nani anaifanya? Pimeni malundo ya vijiji vichache, yaliyofunikwa na yasiyofunikwa, mwaka mzima, mbandike majibu pale Daraja Mbili siku ya soko.

Na ninyi wenzangu mlioko Minnesota, Texas na kwingineko, mnaotuma pesa za mbolea kila msimu wa kupanda: ulizeni kwanza kama zizi lina sakafu. Kama halina, tumeni ya saruji na mabati machache kabla ya mfuko wa DAP. Mimi za kwetu nimeshatuma. Fundi akifika, mwambieni aanze na sakafu na mtaro. Kuta zinaweza kungoja.

Ni mimi mtoto wenu,
Brabant, Uholanzi